Nilivyoshusha tope la ziwa kutoka Mlima Elgon bila kulilaza

Wakuu, hamjambo. Hii ilinipata mimi mwenyewe, siongezi chumvi.

Mimi ni mtu wa boda Kapsokwony. Mwaka jana, wakati wa mvua, dada mmoja anaitwa Nekesa, mtu wa Naitiri anayesoma masters, alinipigia simu. Gari lao la chuo lilikuwa limekwama juu mlimani. Alikuwa na bomba la plastiki, refu hivi mpaka kiunoni, limejaa tope la ziwa dogo lililo huko juu.

Nikamuuliza, "Si tulilaze tu kwa carrier?"

"Likilala tumekwisha. Tope la juu bado ni kama uji, litachanganyika."

Akanieleza. Tope hutua ziwani kidogo kidogo, la chini ndilo la zamani. Ukilipima unajua mvua ilizidi wakati gani na ukame ulikuja lini, kabla mtu hajaandika chochote.

Bomba lake la kwanza lilimwagika njiani. Hili likiharibika, masomo yanaishia hapo.

Basi akakaa nyuma, amelikumbatia wima. Tukashuka polepole.

Kuna kona moja mbaya kabla ya lami. Tairi ya nyuma ikateleza. Bana, sikufikiria. Niliachilia pikipiki nikashika bomba. Pikipiki, ile inalisha watoto wangu, ikaenda kwa mtaro.

Nekesa alikuwa amepiga magoti kwa matope, mikono bado iko kwa bomba.

"Limeinama?"

"Halijainama," nikamwambia.

Pikipiki nikaiacha hapo, nikaja kuitoa baadaye. Tukalibeba bomba kwa mguu mpaka lami, pole pole kama watu wanatembeza mgonjwa. Pickup ya kabeji ikatufikisha Kitale, sisi tumesimama nyuma njia yote.

Kesho yake Nekesa na wenzake wa chuo wakalipasua kwa urefu nikiwa hapo. Mistari ilikuwa imenyooka, kahawia, nyeusi, halafu mmoja wa kijivu. Nekesa akafuta macho, akaweka kidole kwa ule wa kijivu.

"Hapa nadhani ziwa lilikauka karibu lote," akasema. "Na ona hapa juu, maji yakarudi."

Vipimo vilikubaliana naye. Alipita.

Mwezi uliopita alionyesha wakulima picha ya hilo tope kwa mkutano Bungoma. Mimi nimekaa nyuma kabisa. Akaniita mbele, akasema, "Huyu alishusha miaka elfu kadhaa, na hakumwaga hata mmoja."

Ukumbi mzima ulisimama. Mama yangu alikuwepo.

Nilichojifunza: mteja akikwambia shika hivi, uliza kwa nini. Jibu linaweza kukupa nguvu hukujua uko nayo.

Na wewe, ushawahi kubeba kitu hukujua thamani yake? Hebu tuambie hapo chini.