Mashallah ya Gari Jekundu

Majina ya watu wa mtaa wetu wa Mjambere ninayo yote kichwani, walio hai na waliotangulia, lakini hapa simtaji mtu. Huyu nitamwita jirani. Tumekua pamoja, tumeolewa mwaka mmoja, na kila nilichopata mimi yeye alipata kikubwa zaidi. Mimi nilipoezeka mabati, yeye aliezeka vigae. Kisha mjukuu wake akarudi kutoka Uarabuni na gari jekundu, limelala chini kama kaa, milango yake haifunguki kando, inapaa juu kama mbawa za jogoo anayetaka kupigana.

Wallahi lilinichoma. Mtaa mzima wakasema mashallah. Mimi nilikaa kibarazani nachambua mchicha, kimya. Jirani aliniona, na kwetu ukiona kizuri usipolitaja neno hilo, jicho lako ndilo litakaloulizwa.

Ikaja harusi ya mjukuu wangu. Binti akaniambia hataki kitu kingine, ila apelekwe ukumbini Utange na gari lile. Nikajifunga leso nikaenda kuomba. Jirani akanitilia kahawa, akaniuliza hali za watu wote wa nyumbani, mmoja mmoja, kisha akatabasamu.

"Litakwenda, shoga. Lakini sema kwanza lile neno ulilolimeza."

"Mashallah," nikasema. Lilinikwama kama mwiba wa samaki.

Siku ya siku gari likavuka tuta la kwanza na la pili likikwaruza tumbo. Kwenye la tatu likakoroma, likazima. Fundi aliyeitwa kutoka Changamwe akafunua mbele kutafuta injini, akakuta pa kuwekea begi. Injini iko nyuma. Wanawake wakasema gari hili roho yake imo makalioni. Bibi harusi analia, wanja unamshuka. Nikamwinua, nikamtia kwenye tuktuk, tukafika.

Jioni jirani akanikabili mbele ya watu. "Ulilisema kwa ulimi. Moyo ulikataa."

"Mwenzangu, jicho langu lingekuwa na nguvu hiyo, ningeanza na vigae vyako."

Walicheka, hata yeye.

Kipuri kimeagizwa ng'ambo, hakijafika mpaka leo. Gari liko uani kwake, kuku wanalala chini yake, na bado vijana wanatoka mbali kuja kupiga picha nalo. Hata mjukuu wangu, ukutani kwake amebandika picha moja tu ya harusi, amekaa ndani ya gari lile kabla halijazima. Ya tuktuk hakuna aliyepiga.