Maneno ya Mama Ndani ya Diski

Nikijibu ndiyo, je, mashine itayafuta maneno ya mama? Na nikijibu hapana, yatabaki humo milele pasipo mtu wa kuyasoma? Hilo ndilo lililoninyima usingizi wiki ile ya matanga, nyumbani kwetu Kibaoni.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nina kompyuta kuukuu niliyoiwekea mfumo wa Linux kutoka kwenye sidii ya rafiki. Niliitengeneza iwe posta ya nyumbani: ukiandika barua inakaa kwenye foleni, na simu ikipatikana mashine inapiga yenyewe Dar es Salaam kwa modemu na kuituma. Mdogo wangu alikuwa akisoma India. Mama, kabla hajalazwa, aliketi kando yangu akasema barua ya kumpelekea huyo mdogo wangu, nami nikachapa. Masika yalikuwa yameangusha nguzo za simu, kwa hiyo barua ikabaki kwenye foleni. Mama akafia hospitali laini ikiwa bado imekufa.

Niliiacha kompyuta ikiwaka, isije ikakosa simu siku itakaporudi. Shangazi, dada yake baba, alipofika na treni ya kutoka Mlimba, aliisikia ikivuma chumbani.

"Mwanangu, hata matanga hatujaanua, umewasha redio?"

"Shikamoo shangazi. Siyo redio, ni kompyuta."

"Inavuma, ina taa, halafu siyo redio? Majirani watasema tunacheza dansi."

Akachomoa waya ukutani. Hakukosea. Katika nyumba yenye msiba redio huzimwa, na mimi sikuwahi kumweleza mtu yeyote kwamba mashine ile haizimwi hivyo, kwamba lazima kwanza iambiwe imalizie kuandika.

Nilipoiwasha tena iligoma. Ilisema diski ina kasoro, niikague mwenyewe. Nilipoanza kuikagua, ikawa inauliza kila inapokuta kitu isichokielewa: nikifute? Ndiyo au hapana. Sikujua kitu kipi ni kipi. Maelekezo yote yalikuwa ndani ya diski ileile, na rafiki yangu alikuwa upande wa pili wa simu iliyokufa. Nikaizima.

Ningeweza kusema niiandike upya barua kwa kukumbuka. Lakini nilikumbuka mwanzo tu. Mama alipokuwa anaongea nilikuwa natafuta herufi, si kusikiliza. Vidole ndivyo vilivyomsikia. Na mdogo wangu alikwisha kupewa habari za kifo na ndugu wa Dar. Kilichombakia kutoka kwa mama ni kile tu kilichokuwa mle.

Basi nikawa naingia chumbani, nakaa mbele ya kioo cheusi, natoka. Shangazi akaniona.

"Unalinda nini humo?"

"Barua ya mama. Naogopa nikiigusa itapotea."

"Usipoigusa ataisoma nani?"

"Hakuna."

"Sasa si imeshapotea? Au unangoja afufuke aje akusomee?"

Alisema hivyo akiwa amebeba sufuria la wali wa wafiwa, wala hakusimama. Nilimchukia kidogo. Kisha nikaiwasha na kujibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka maswali yakaisha.

Foleni ilikuwa tupu. Nilitafuta kwenye saraka, folda ambamo Linux huweka vipande ilivyookota bila kujua ni vya nani. Kulikuwa na faili lisilo na jina, lina namba tu. Nikalifungua.

"Mwanangu, wali wa huko nasikia haunukii. Kula hivyohivyo, usikae na njaa ukitamani wa kwetu. Baba yako mzima. Ukija likizo, ukishuka kwenye treni usije moja kwa moja nyumbani, pitia kwanza kwa"

Baada ya hapo hakuna kitu.

Kwa nani? Kwa shangazi? Kwa padri? Kwa bibi, ng'ambo ya mto, Kivukoni? Kila jina lilikaa vizuri pale. Niliandika "bibi", nikafuta. Niliandika "padri", nikafuta. Nilifikiria kuikomesha kwenye "Baba yako mzima" na kukata yaliyobaki, asije akateseka kama mimi.

Matanga yalikwisha anuliwa laini iliporudi. Niliirudisha barua kwenye foleni kama nilivyoikuta, ikiishia palepale kwenye "kwa", bila neno langu hata moja, nikasimama nikiisikiliza modemu ikipiga.