Furu na Mtoto wa Dada

Mwalimu wetu wa baiolojia pale sekondari ya Kahororo alileta darasani furu, wale samaki wadogo ambao sangara alikuwa akiwamaliza ziwani. Akampanua mmoja mdomo, vifaranga wakamwagika kwenye sahani. Akatueleza kwamba mababu wa furu walitaga mawe­ni na mayai yakaliwa ovyo. Kisha jeni zikabadilika kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi: majike waliozaliwa na tabia ya kubeba mayai mdomoni, watoto wao walipona, nao wakairithi. Jike akiwa analea, alisema, hali kitu. Anakonda.

Likizo nikarudi Muleba, kichwa kimenijaa elimu. Dada yangu, mjane tayari, alikuwa amerudi nyumbani na ule ugonjwa ambao kwetu haukutajwa kwa jina. Nilimkuta ameketi kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni, binti yake wa mwaka na nusu mapajani, anamlisha ndizi aliyoiponda kwa vidole. Nikamsimulia habari za furu.

"Msomi wetu!" akacheka. "Kumbe na samaki ni mama."

Sifa zikanipanda kichwani. Nikaongeza kwamba kila kilichomo mwilini mwa mama hupita kwa mtoto.

Akamtazama binti yake. Kisha akauliza, "Na hiki changu?"

Sikujua. Lakini niliona aibu kusema sijui, mimi niliyesomeshwa kwa kahawa ya baba. Nikaitikia kwa kichwa.

Tangu siku ile hakumpakata tena. Mtoto akimkimbilia, alimgeuzia mgongo. Mama yetu akamgombeza: "Mwana wange, mtoto amekukosea nini?" Mimi aliniambia, "Nikimpakata naona napakata maiti."

Shule ilipofunguliwa nilimuuliza mwalimu. Akashangaa. Jeni ni jambo jingine, akasema, na virusi ni jambo jingine. Watoto wengi wa wagonjwa huzaliwa salama. Niliomba ruhusa nikaenda nyumbani mbio, na nikakuta kaburi bichi la dada migombani. Maji yakimwagika hayazoleki. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, na hasira yote ilikuwa juu yangu.

Mtoto alipimwa baadaye. Hakuwa na kitu. Leo naye ni mama mwenye watoto, na mwaka jana aliniuliza, "Mjomba, mama alinipenda?"

Nikamwambia, sana. Sikuweza kumwambia kwamba aliyemtoa mapajani mwa mama yake ni mimi.