Anayeuliza Njia Kila Jumamosi

Hermila Olvera ameishi mtaa wa Obrera tangu alipoolewa. Jumamosi moja ya Januari alimsimamisha mpwa wa jirani yake kwenye kona akamuuliza kituo cha metro, treni ya chini ya ardhi, kiko wapi. Kituo kilikuwa nyuma ya mgongo wake, si mbali. Isitoshe, katika kituo hicho hicho alikuwa amekaa karibu miaka thelathini nyuma ya kioo, akiuza tiketi. Kijana alimwelekeza kwa adabu, kisha akaenda moja kwa moja kumweleza shangazi yake, Doña Obdulia. Doña Obdulia hakungoja hata kufuta mikono. Alimpigia simu Maricruz, binti wa Hermila, ambaye ni daktari wa meno huko Querétaro.

"Mwanangu, sitaki kukutia hofu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaka hasa. "Mama yako ameanza kupotea mlangoni pake."

Maricruz alikuwa na chumba tayari. Tangu baba yake afariki alikuwa akimsihi mama yake ahamie kwake, na kila mara mama alijibu kwamba Querétaro ni kuzuri, kusafi, na kwamba atafikiria. Sasa hakukuwa tena na la kufikiria. Jumamosi iliyofuata alipanda basi la alfajiri, akafika Obrera akiburuta masanduku mawili matupu.

Hermila alimfungulia mlango akiwa amekwisha kuvaa viatu vya kutembelea.

"Leo tarehe ngapi, mama?"

"Siku hizi ndiyo salamu?"

"Nijibu tu."

"Leo ni Jumamosi, ndiyo maana nimevaa viatu hivi. Hayo masanduku umekuja kuniuzia?"

Maricruz aliyaegemeza ukutani. "Doña Obdulia kaniambia uliuliza metro iko wapi."

"Niliuliza."

"Metro yako mwenyewe."

"Hiyo hiyo. Na yule kijana akanipitisha ndani ya ua wa zile nyumba za kupanga, kule wanakokaa mafundi viatu. Kumbe ukitoboa upande wa pili unatokea barabarani, mbele ya kituo. Miaka yote hiyo nimezunguka kona kama punda wa kinu. Wewe ulijua kuna njia pale?"

"Hapana."

"Umezaliwa hapa."

"Mama, tunaongea habari zako."

"Basi twende wote," Hermila alisema, akichukua mkoba. "Leo naenda barabara ya Marruecos. Utaniangalia siku nzima. Jioni wewe ndiye utakayeamua hayo masanduku yarudi yamejaa au matupu, na mimi sitabisha."

Maricruz alimjua mama yake. Hakuwahi kumsikia akisema hatabisha. Alikubali.

Barabara ya Marruecos, yaani Moroko, iko upande wa mashariki, katika mtaa ambamo mtu aliyetoa majina ya barabara aliamua kuizunguka dunia. Hermila hakuwahi kufika huko, lakini alikwisha kumtuma mtu. Miaka mingi nyuma, mwanamke mwenye mtoto mgongoni aliinama mbele ya kioo cha kibanda akamuuliza Marruecos anafikaje. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu. Hermila alimwambia ateremke kituo cha Romero Rubio, atokee upande wa soko, apite kanisa, kisha aulizie hapo hapo. Kituo alikijua kutoka kwenye ramani ya ukutani. Soko alilikisia. Kanisa alilitia kwa sababu kila mahali pana kanisa.

Hakufanya jambo la ajabu. Katika jiji hili mtu akiulizwa njia hasemi hajui. Kusema hivyo ni sawa na kumfungia mgeni mlango mguu wake ukiwa bado kizingitini. Unampa kitu: kona, duka, mti, walau upande. Akifika huko, mwingine atampa kingine. Hermila aliwapa watu vitu hivyo asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki, na alipostaafu, Jumamosi moja isiyo na kazi, aliamua kwenda kuangalia moja ya makanisa aliyoyajenga mwenyewe. Halikuwepo. Mahali pake palikuwa na duka la magauni ya wasichana wanaotimiza miaka kumi na mitano, magauni mapana kama miavuli ya sokoni, na mwenye duka alimwacha ashike hariri zote. Alirudi nyumbani giza likiingia, akakuta maharage aliyoyaloweka yameanza kuchipua, na Jumamosi iliyofuata akatoka tena.

Tangu hapo kanuni haijabadilika. Anachagua mahali alipowahi kumtuma mtu. Anaanza kuuliza mlangoni pake, kwa sababu anataka kujua watu wa kwake wangemwelekezaje mgeni. Anafuata anachoambiwa, hata akijua si kweli. Simu anaiacha mezani. "Simu inakupeleka unakokwenda," husema. "Mimi huko sina haraka nako."

Kwa muda huo amejifunza kuwasoma watu. Anayeonyesha kwa kidevu anajua. Anayenyoosha mkono wote hajui. Anayerudia jina mara mbili, "Marruecos... Marruecos...", anakujengea barabara hapo hapo ulipo, na inafaa umpe nafasi amalize.

Muuza tamali wa kona, yale madonge ya mahindi yanayopikwa kwa mvuke ndani ya maganda, aliwaelekeza kituoni kwa kidevu huku akimchotea Maricruz uji wa mahindi. Waliteremka Romero Rubio, wakatokea juani, na Hermila akamwendea muuza juisi.

"Marruecos, bosi?" Mkono wake wote uliruka juu, ukiwa na nusu ya chungwa. "Nyoosha moja kwa moja hadi duka la dawa, kata kushoto. Hapo hapo tu."

"Hajui," Hermila alinong'ona, akaanza kutembea kuelekea huko.

"Kama hajui, tunaenda kufanya nini?"

"Kuona alikuwa anafikiria nini."

Hapakuwa na duka la dawa. Palikuwa na kinyozi aliyetundika vizimba vya ndege juu ya viti, kiasi kwamba wateja walinyolewa wakiimbiwa. Palikuwa na mwanamke aliyekaa na jiko lake la mkaa, akikanda chapati za mahindi ya bluu.

"Duka la dawa lilikuwa hapa," alisema mwanamke huyo. "Lilifungwa mwanangu wa kwanza akiwa tumboni. Sasa anaoa."

"Hongera," Hermila alisema. "Kwa hiyo muuza juisi ni mwenyeji."

"Nani, Chano? Huyo hata nyumba yake anaulizia. Marruecos, mama, rudini mlikotoka mpite shule."

Walipita shule, ambako watoto walikuwa wakifanya mazoezi ya ngoma za gwaride, kila mmoja kwa mwendo wake. Askari aliyekuwa kivulini aliwaambia kwamba barabara hiyo iko mtaa mwingine kabisa. Maricruz alitia mkono ndani ya mkoba wake mara mbili, akagusa simu, akautoa. Alikuwa akihesabu. Mama hakujikwaa. Mama alikumbuka kila aliyewaelekeza na alichosema. Lakini pia mama alikuwa mwanamke mzee anayezunguka mtaa asioujua, akifuata maneno ya watu waliomdanganya, na alifurahi. Maricruz hakujua hilo la mwisho aliweke upande gani wa mizani.

Ni maneno ya askari yaliyowafikisha kwa Don Evelio. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichofunguka barabarani, na ndani yake walilala Watoto Yesu wa udongo na plasta, kadhaa kwa kadhaa, juu ya trei za mayai, kila mmoja na jina la familia yake limefungwa mguuni. Sikukuu ya Februari ilikuwa karibu, na familia zote zingewapeleka kanisani na nguo mpya. Don Evelio alikuwa amemshika mmoja asiye na dole gumba.

"Vidole," alisema bila kuinua macho. "Mwaka mzima wanalala kabatini hawafanyi kitu, na kila Januari wanakuja hawana vidole."

Maricruz alisogea. "Hiyo saruji unayozibia ni ya meno."

"Inakauka upesi. Wewe fundi?"

"Daktari wa meno."

"Basi fundi. Shika hapa."

Maricruz alishika. Kisha alivuta kigoda. Alitaka kujua kope zinatengenezwa na nini (nywele za ng'ombe), macho ya kioo yanaingizwaje (kwa nyuma, kabla kichwa hakijafungwa), na kwa nini mmoja alikuwa mweusi wa moshi upande mmoja tu. "Huyo alinusurika moto wa jikoni," alisema Don Evelio. "Familia yake haitaki nimsafishe." Hermila alikaa kwenye gunia la plasta akiwasikiliza, na kwa muda mrefu hakuna aliyetaja Marruecos.

Maricruz alikuwa amesimama mlangoni kupunga hewa alipotokea kijana mmoja mwenye suti nyeusi na tarumbeta kwapani, anatiririka jasho.

"Samahani, dada, ukumbi wa Aurora?"

"Nyoosha moja kwa moja," Maricruz alisema, na mkono wake wote ukaenda. "Hadi duka la dawa, kata kushoto. Hapo hapo tu."

Kijana alishukuru, akakimbia.

Don Evelio aliacha kupuliza kidole. Hermila aliuliza kwa upole, "Ukumbi wa Aurora ndio upi?"

"Sijui."

"Na duka la dawa?"

Maricruz aliitazama barabara. "Lilifungwa."

Hermila hakucheka. "Amebeba tarumbeta," alisema. "Kuna bibi harusi anamngoja mahali."

Maricruz alimtupia mama yake mkoba wake, simu ikiwa ndani, akatoka mbio.

Alimkuta kijana kona ya tatu, akipata maelezo ya mtu mwingine, yanayoelekea upande wa pili. Alimwambia ukweli, kwamba hajui, hajawahi kujua, na kwamba amsamehe. Kijana alimwangalia kama mtu aliyetukanwa na asiyeelewa kwa nini, akamshukuru tena, akaondoka na yule mwingine. Maricruz aligeuka kurudi. Kila barabara ilikuwa na turubai zile zile za gulio, rangi ya waridi, na nyaya zile zile juu. Shule hakuiona. Ngoma alizisikia pande zote.

"Fundi wa sanamu za Mtoto yuko wapi?" alimuuliza mwanamke mwenye vikapu.

"Fundi gani, mrembo? Januari hapa kila mtu ni fundi. Pita kule."

Akapita kule. Mzee aliyekaa mlangoni alirudia, "Fundi... fundi...", akanyoosha mkono wote. Maricruz alijua maana ya mkono ule. Akaufuata, maana hakuwa na mwingine. Ulimfikisha kwenye yadi ya vitanda vibovu. Mwenye yadi alimpeleka kwa fundi viti. Fundi viti alimpa kidevu.

Alipoingia karakanani, mama yake na Don Evelio walikuwa wakila chapati za bluu zenye vipande vya mpungate, dungusi inayoliwa, kutoka gazeti moja.

"Nimepotea," Maricruz alisema.

"Ulipotelea wapi?"

"Ningejua ningekuwa nimepotea?"

"Njoo ule, zinapoa."

Marruecos hawakuifikia siku hiyo. Walirudi kituoni jua likishuka, wakapata viti viwili vya pamoja ndani ya treni. Maricruz aliuweka mkoba mapajani, akaushika kwa mikono miwili.

"Mama, niambie kweli. Unasahau?"

"Nasahau. Juzi nilitia chumvi mara mbili. Yule daktari wa macho, jina lake hata unichinje silipati." Hermila aliwaangalia abiria waliokuwa wakiingia. "Lakini nikipotea, Maricruz, najua nimepotea. Wewe leo umejua?"

"Nilijua. Nilitaka kulia."

"Basi. Siku utakayonikuta sijui, na sitaki kulia, hiyo siku lete masanduku. Usiniulize."

Vituo viwili vilipita.

"Utatembea na simu," Maricruz alisema.

"Imezimwa."

"Imewashwa."

"Bila sauti."

"Na sauti, mama."

"Na sauti. Lakini sitaitazama."

"Usiitazame. Pokea tu nikipiga." Maricruz alivuta pumzi. "Na Pasaka uje kwangu. Chumba kipo, kimepakwa rangi. Wiki mbili tu, halafu nakurudisha mwenyewe."

Hermila alilifikiria hilo kwa uzito. "Huko Querétaro, ukimuuliza mtu njia anakwambiaje?"

"Akijua anakuelekeza. Asipojua anasema hajui."

"Anasema hivyo hivyo? Machoni pako?"

"Machoni."

"Basi wiki moja itatosha," Hermila alisema, na kituo chao kilipofika alimgusa begani mtu aliyesimama mlangoni, akamuuliza Obrera ni upande gani.