Meli Aliyopewa Mume Wangu Angali Hai

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa brashi laini nikaambiwa nisikohoe. "Ukikohoa hapa, mlingoti unaondoka," alisema Msimamizi wa Karakana, Mwingereza mrefu mwenye rangi ya kijivu chini ya kucha, na hakuwa anatania. Karakana ilikuwa nyuma ya jumba dogo la makumbusho ya bahari, hapa London, karibu na mto. Jina la jumba silitaji, kwa sababu hasira haijaniisha. Kazi yetu ilikuwa kuunda na kukarabati mifano ya meli, vidude vya mbao na shaba vya kuwekwa kwenye makabati ya vioo.

Mtauliza mtu wa miaka thelathini na mbili anaandika kumbukumbu za kazi ya nini, kama bibi aliyeishiwa na shughuli. Kazi ile nimestaafu, basi. Na nyinyi mnaotoka fomu foo mkija huku mkidhani kazi ya kukaa kwenye kiti haimuumizi mtu, nataka mnisikilize.

Nilianzia kwenye vumbi. Meli ya maonyesho haipanguswi kwa kitambaa, kitambaa kinanasa kwenye kamba na kung'oa kila kitu. Unapuliza kwa kipira cha mkono, halafu unapitisha brashi kutoka omo, yaani mbele, mpaka tezi, yaani nyuma. Hayo maneno mawili nilikuwa nayo kutoka kwetu Unguja, ila sikutarajia yangenipa ulaji Uingereza.

Kutoka hapo nilihamishiwa kwenye kamba na milingoti, chini ya Mzee Kanti. Yeye ni Mhindi aliyezaliwa Tanga, anaishi Stanmore, na Kiswahili chake ni cha watu waliokwisha kufa. Aliniambia siku ya kwanza, "Mwanangu, mimi nilikuwa na duka la baiskeli. Kamba za meli na spoku ni ndugu, zote zinakaza au zinakuaibisha." Alinifundisha kukaza kwa koleo dogo huku akiniuliza kila kitu cha nyumbani kwangu, bila haya hata kidogo.

Kwa hiyo alijua habari za Salim. Salim ni mume wangu, fundi wa chumba cha injini kwenye meli ya mizigo. Miezi ile meli yake ilikuwa ielekee kwenye ule mlango wa bahari ambako siku hizi meli za mizigo hurushiwa makombora. Aliniambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua, kwamba watazima mitambo inayowaonyesha walipo, na simu hazitapatikana mpaka wapite. Binti yetu Nasra, ana miaka mitano, akaingilia kumwagiza kasa, "Daddy, bring me a turtle." Salim akacheka. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Ndipo nikapandishwa cheo, wakati wenyewe mbaya kuliko wote. Mkuu wa Maonyesho, mama mmoja mwenye haraka ya kudumu, alitaka mifano ya meli za kusindikiza za vita vile vikuu vya pili. Hizi zilikuwa manowari ndogo za Wamarekani. Ziliandamana na misafara ya meli za mizigo, zikisikiliza nyambizi chini ya maji kwa mtambo wa sauti, na zikiisikia zinaangusha mapipa ya baruti kutoka tezini. Nyingi zilipewa majina ya mabaharia waliouawa vitani. Mara nyingi mama wa marehemu, au mjane wake, ndiye aliyeitwa kuivunjia meli chupa ya mvinyo omoni, ndiyo desturi yao, siku ya kuishusha majini.

Mimi nikapewa kuandika majina hayo kwenye tezi. Brashi yake ina nywele chache za kuhesabika. Unachora kwanza mstari wa penseli usioonekana, unaanza na herufi ya katikati, halafu unakwenda kulia na kushoto ili jina lisiegemee upande. Mkono hautakiwi kutetemeka. Wangu ulikuwa unatetemeka kuanzia Tottenham ninakokaa, ndani ya treni, simu nimeishika kama yai.

Nilipiga ofisi ya wenye meli kila mapumziko ya chai. Binti wa huko ananijibu, "Hatuna taarifa mbaya, madam." Nikamwambia sikuuliza kama mna taarifa mbaya, nimeuliza mume wangu yuko wapi. Akaniwekea muziki.

Jumatatu moja nilifika nikakuta meli juu ya meza yangu, mpya, imepakwa kijivu safi. Msimamizi amesimama kando, mikono nyuma, uso unang'aa. "Igeuze," akasema.

Nikaigeuza. Kwenye tezi, kwa mkono wake mzuri wa miaka mingi, ameandika jina la mume wangu. SALIM.

"Nimefikiri itakupa moyo," akasema. "Itakaa kabatini pamoja na nyingine."

Pamoja na nyingine. Nyingine zote ni za maiti. Kwetu kuna neno, uchuro. Ukimtajia mtu kifo hajafa, umemchuria, na hata wasioamini husema "usinichurie" na kubadilisha mazungumzo. Huyu bwana hakutaja tu. Ameandika kwa rangi ya mafuta.

"Futa," nikamwambia.

"Samahani?"

"Nimesema futa. Nani amekwambia amekufa?"

Mzee Kanti akaacha koleo lake, akaja, akaangalia tezi, akashusha pumzi. "Bwana," akamwambia Msimamizi kwa Kiingereza, taratibu, "umemzika mume wa mtu kabla hajafa."

Maskini yule mtu alibadilika rangi akawa kama meli zake. Akaanza kueleza kwamba kwao kupewa meli ni heshima. Nikamwambia heshima yenyewe ina sharti, na sharti lake nalijua, ndilo ninaloliandika kutwa nzima. Akanyoosha mkono kuichukua. Sikumpa. Nilichukua pamba na spiriti nikaifuta mwenyewe, herufi moja moja, mpaka kijivu kikatoka na mbao ikaonekana.

"Sasa umeiharibu rangi yake," Mzee Kanti akanong'ona.

"Aipake tena."

"Na Salim akipiga, utamwambia?"

"Akipiga."

Alipiga Alhamisi, Nasra akiwa ndani ya beseni la kuogea. "Mama Nasra, tumepita. Mbona umenyamaza?" Nilikuwa nimekaa chini sakafuni kwenye maji ya mtoto. Nilipoweza kusema nilimtukana, kisha nikamsimulia habari ya meli. Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa umefuta kwa nini? Nani mwingine atanipa manowari?" Nikamkatia simu. Nikampigia tena hapo hapo.

Niliacha kazi mwisho wa mwezi ule. Msimamizi aliniandikia barua nzuri ya kunisifu na hatukuagana kwa ubaya, ingawa hasira, kama nilivyosema, ipo. Sasa niko jikoni kwenye shule ya msingi, nakatakata karoti, na mkono ukitetemeka hakuna anayeniona.

Nimefikiri sana juu ya wale mama walioitwa kuvunja chupa. Wamevaa vizuri, wamepigiwa bendi, wamepewa maua, na mbele yao chuma kikubwa chenye jina walilolichagua wao kwa mtoto mchanga. Sijui kama kuna aliyetamani kuwarudishia wakubwa wa jeshi chuma chao. Mimi ningewarudishia.

Salim ameondoka tena, njia ile ile, na leo hajapiga. Nyinyi mtakaopita kwenye kabati lile mkasoma majina, someni kwa sauti, wanastahili. La mume wangu msilitafute. Liko kwenye bili ya umeme ya nyumbani kwetu, na hapo panamtosha.