Kasha Lililokauka Kando ya Mbabula

Makaa yameshika vizuri kwenye mbabula, lakini asubuhi hii hakuna sufuria. Huguette Tshibola ameweka kando ya moto kasha tupu la plastiki na nyaya zake, vikauke. Mvua ya jana imeacha matope hadi mlangoni, na fundi wetu hataki kusemeshwa.

"Mi nikikosea leo, tunaanza tena ku zéro," anasema bila kuinua macho.

Kasha hilo litabeba betri na mitambo ya boti ndogo isiyopanda mtu, inayojiongoza yenyewe. Itazunguka kwenye maji yaliyojaa shimo la zamani la shaba, nyuma ya mtaa wake hapa Dilala, ipime kama ukuta wa shimo umeliwa kwa chini.

Tangu kipande cha ukuta kiporomoke na kumeza barabara, hakuna anayethubutu kuingia humo na mtumbwi. Nyumba za ng'ambo zilivunjwa, wenyewe wakafukuzwa. Sasa imefika zamu ya safu ya nyumba za akina Huguette. Ukuta ukiwa mzima, wanabaki. Ukiwa mtupu, wanahama.

Yaani mama huyu anaunda kwa mikono yake kitu kinachoweza kumtoa nyumbani kwake. Makubwa!

"Si mi mwenyewe niliitika?" anasema. "Sasa nitalalamikia nani?"

Aliyemwita ni injinia Stany Mwenze, mwenye boti, kwa kuwa Huguette ndiye anayefunga betri na paneli za jua mtaa mzima. Jaribio la kwanza liliwatia aibu wote wawili. Huguette alilifunga kasha mchana wa joto, mvua ikinukia, akazungushia mpira wa tyubu ya gari. Boti ikazimika katikati ya maji. Walipoivuta kwa kamba na kufungua, ndani mlikuwa chapachapa.

"Stany akasema inavuja. Mi nikasema tyubu yangu haivuje. Tuligombana sana!"

Kumbe halikuvuja. Alikuwa amefungia ndani hewa yenye unyevu, nayo ilipokutana na ubaridi wa shimo ikatoka jasho, kama mfuniko wa sufuria ya bukari, ugali wetu. Ndiyo maana leo anafunga asubuhi, hewa ingali baridi, na ndani anaweka kifuko cha mchele mkavu uliokaangwa, unyonye unyevu. Betri anazitia mwisho, kasha likishapoa.

Anapoanza kukaza skurubu, jirani yake Musafiri, mwenye lori la mizigo, anachuchumaa karibu.

"Mama Huguette, skurubu moja tu, usikaze. Mayi ikiingia, habatapima kitu. Kama habapime, tunabaki."

"Na ukuta, tata? Nao utabaki?"

Watoto wa Musafiri hulala chumba cha nyuma, kile kinachotazama shimo, na Huguette anajua. Anaikaza skurubu ya mwisho mpaka inalia.

Boti inakwenda. Watu wamejipanga ukingoni, mbali. Inapotea nyuma ya mwamba, na Huguette anajishika kichwa. Kisha hiyo hapo, inarudi! Ndani ya kasha hakuna hata tone.

Stany anafungua vipimo kwenye kompyuta.

"Ni tupu, mama. Chini ya safu yenu yote."

Huguette anaketi palepale matopeni. Nyumba ile aliijenga na marehemu mumewe, tofali kwa tofali.

"Imeniuma," ananiambia. "Usiandike kama nilikuwa na nguvu. Nililia."

Kabla ya jioni, lori linarudi kinyumenyume mlangoni pake. Ni Musafiri. Watoto wake wameshapanda juu ya magodoro, na yeye mwenyewe anambebea Huguette sanduku la vifaa. Mbabula inapakiwa mwisho, ingali na joto.

Watakwenda kwa ndugu wa Musafiri, njia ya Fungurume, hadi wapate kiwanja. Huko Huguette anataka kufungua karakana, na kasha la pili ameshalichora kichwani.

"Huku shimo haiko moja," anasema akipanda. "Na nyuma ya kila shimo, kuna batoto banalala."