Kipande cha Ufunguo Kwenye Kitasa Kipya

Admin, nifiche kabisa, na majina nimeyabadilisha, maana wakwe zangu wanasoma hii page. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na tatu, nauza viatu vya mitumba hapa Kitale. Nimeolewa Kabuchai, Bungoma. Nimechoka mpaka kichwa kinataka kupasuka, na safari hii sina wa kumlaumu ila mimi mwenyewe.

Mwaka juzi mimi na mume wangu tulimaliza nyumba yetu huko kwao, hatua chache kutoka kwa mama mkwe. Yeye ni mjane, na ndiye tuliyemwachia ufunguo wa akiba awe anafungua madirisha, hewa iingie. Aliufunga kitambaa chekundu usipotee. Sisi tunaenda mwisho wa mwezi tu. Sasa kila tukifika, kuna kitu. Sukari imepungua. Gesi imeisha na hatujapika. Blanketi linanuka moshi, na kitanda kimetandikwa vizuri kuliko nilivyokitandika mimi. TV ipo, redio ipo. Mtu mwenye akili angejiuliza ni mwizi gani huyu anaacha TV anakunywa majani ya chai. Mimi sikujiuliza. Nilishaamua ni Wafula, mdogo wa mume wangu, kwa sababu tu hana kazi ya kueleweka na anapenda utani.

Nikamsema mbele ya watu, siku tumekaa kula baada ya kanisa. "Wafula, kama unataka blanketi si uombe tu, bana? Mbona unaingia kwa nyumba ya watu kama panya?"

Akamwangalia kaka yake amtetee. Kaka yake akaendelea kumega ugali. Mama mkwe akainamisha kichwa.

"Ati mimi?" Wafula akasema. "Sawa, shemeji. Umeshinda." Kesho yake akabeba nguo zake akahamia Webuye, na mpaka leo simu zetu hashiki.

Unafikiri nilitosheka? Nilienda Bungoma mjini, kwa duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja Kalasinga, nikamwambia nataka kitasa ambacho mwizi akikiona atalia. Akanitolea cha leva saba, yaani vyuma saba ndani vya kuzuia ufunguo usio wake, kizito kama jiwe la kusagia. Fundi akang'oa mlango kwenye bawaba, akautoboa ubavuni, akachonga kwa patasi nusu siku nzima mpaka chuma chote kikazama ndani ya ubao. Alipozungusha ufunguo, ule ulimi wa chuma ukaingia kwenye fremu kwa kishindo, na mimi nikacheka kwa raha. Funguo zilikuwa tatu. Zote nikazitia kwenye mkoba.

Mama mkwe alikuwa amesimama uani akitazama. Akaniuliza polepole, "Na huu wangu wa zamani?"

Nikamjibu, "Utupe tu, mama. Hauna kazi."

Mwezi uliopita tulirudi na mvua kubwa. Ufunguo wangu ukagoma kuingia. Mume wangu akasema, "Umeona? Wafula amejaribu!" Fundi akaja na koleo ndogo, akahangaika, akatoa kipande cha chuma chenye meno. Akasema mtu amelazimisha ufunguo mwingine mpaka ukakatika humo ndani. Mume wangu alikuwa ameshampigia dada yake, anamtukana Wafula. Mimi nilikitazama kile kipande, nikakijua. Nikakitia mfukoni.

Nikaenda kwa mama mkwe. Ule ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari, na kitambaa chake chekundu, hauna meno. Chini yake kulikuwa na mabeseni manne yanakinga matone. Godoro lilikuwa limekunjwa juu ya meza, limelowa upande mmoja.

"Mama Sifa," akaniambia, "mabati yangu yameisha. Mvua ikinyesha nilikuwa najisitiri kwenu."

Wasiojua, huku kwetu mzazi halali kwenye nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni mwiko. Wazee wakijua, hiyo aibu itamfuata mpaka kaburini, na mume wangu anavyoogopa hayo mambo, hataingia tena ile nyumba. Nikamuuliza mbona hakutuambia kuhusu mabati. Akasema, "Ningesemaje? Nyinyi mlikuwa mnajenga." Na ni kweli tulimwahidi mabati tukimaliza kwetu. Tulipomaliza tukaweka tailizi sakafuni, halafu tukanunua kitasa.

"Na Wafula, mama?"

Akalia. "Siku ile nilitaka kusema, mdomo ukakataa. Wafula ni mtoto wangu, atanisamehe. Lakini wewe usimwambie bwanako. Nakuomba."

Nilimpa ufunguo mmoja kati ya zile tatu. Akaurudisha mkononi mwangu, akasema hawezi kuuchukua tena, sasa kwa kuwa mimi najua. Anaota moto jikoni mpaka mvua ikatike, na amenikataza kumpeleka mahali pengine.

Nilimwambia mume wangu tuwache mambo mengine yote, tubadilishe mabati ya mama. Mnajua alinijibu nini? Ati kwanza tuweke geti la chuma mbele ya ule mlango, kwa sababu ya Wafula. Nilitaka kupiga kelele.

Nikisema ukweli, nimemvua nguo mama mkwe mbele ya ukoo mzima. Nikinyamaza, Wafula anaendelea kuitwa mwizi kwa mdomo wangu mimi, na hakuiba hata kijiko. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nishaurini tu, nimsafishe shemeji au nimsitiri mama? Na mnijibu upesi, maana fundi wa geti anakuja Jumamosi.